Mchungaji John Chilembwe: Mjenzi wa Shule Aliyeongoza Uasi

Ndugu zangu tuliosoma katika shule hii, na ninyi wanafunzi mnaoketi leo kwenye madawati tuliyoyaacha,

Kamati ya jarida letu imenitaka niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyefariki zamani, ambaye habari zake zaweza kutufaa sisi watu wa Katumba. Nimemchagua Mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland, nchi ambayo tangu mwaka 1964 inaitwa Malawi. Ninazo sababu tatu. Kwanza, alikuwa Mbaptisti, na hapa Katumba Wabaptisti si wageni. Pili, alikuwa mjenzi wa shule kabla hajawa kitu kingine chochote. Tatu, watu aliowatetea walikuwa wengi wao wahamiaji waliovuka mpaka na kuishi katika ardhi isiyokuwa yao. Jambo hilo wazee wetu, waliokimbia Burundi mwaka 1972 na kuletwa katika makazi haya yalipofunguliwa mwaka 1973, wanalielewa bila kufafanuliwa. Wazazi wangu walikuwa miongoni mwao.

Wasomaji wasiowajua Wabaptisti yafaa waelezwe kwa kifupi. Hawa ni Wakristo wanaobatiza watu wazima wanaokiri imani wenyewe, kwa kuwazamisha majini. Hawana askofu anayetawala makanisa yote. Kila ushirika hujiendesha, huchagua mchungaji wake na kutunza fedha zake, kisha makanisa huungana kwa hiari katika umoja au jumuiya. Wamishenari Wabaptisti kutoka Marekani walianza kazi Tanganyika mwaka 1956. Burundi walitangulia Wabaptisti wa Denimaki, waliofika mwaka 1928 na kuweka kituo Musema. Umoja wa Wabaptisti wa dunia nzima uliundwa London mwaka 1905. Msomaji akumbuke huo utaratibu wa kujiendesha, maana ndio uliompa Chilembwe nafasi ambayo Mwafrika wa wakati ule aliipata kwa shida sana penginepo.

Utoto na kukutana na Booth

Chilembwe alizaliwa yapata mwaka 1871 katika wilaya ya Chiradzulu, kusini mwa Nyasaland. Alipata elimu ya mwanzo katika misheni ya Waskoti huko Blantyre. Mwaka 1892 alifika katika nchi hiyo Mwingereza mmoja aitwaye Joseph Booth, Mbaptisti aliyekuwa ameishi Australia. Chilembwe akaenda kuomba kazi, akawekwa kuwa mpishi, na akamsaidia pia kumlea binti yake mdogo. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Julai 1893, Booth alimbatiza.

Booth alikuwa mtu wa namna ya pekee miongoni mwa Wazungu wa siku zile. Alisema waziwazi kwamba Afrika ni ya Waafrika, akapinga mishahara duni waliyolipwa vibarua, na mwaka 1897 akachapisha kitabu chenye mawazo hayo. Walowezi walimchukia, na serikali ikamwona mchochezi. Mwaka huohuo wa 1897 alisafiri kwenda Marekani akamchukua Chilembwe.

Masomo ya Marekani

Huko Marekani wawili hao waliachana kwa amani. Chilembwe alipokelewa na Wabaptisti weusi, watu ambao wazazi wao walikuwa watumwa. Makanisa yao yalikuwa yameungana mwaka 1895 mjini Atlanta katika jumuiya kubwa iitwayo National Baptist Convention, yenye bodi yake ya misheni za nchi za nje. Bodi hiyo ikamlipia masomo katika chuo cha Lynchburg, jimbo la Virginia. Mkuu wa chuo, Gregory Hayes, alikuwa mtu mweusi aliyeshikilia kwamba watu weusi waziongoze shule zao wenyewe.

Nawaomba wanafunzi watafakari hapa. Kijana aliyekuwa mpishi wa Mzungu alijikuta katika chuo ambacho mkuu wake na walimu wake walikuwa watu weusi. Lakini nje ya lango la chuo aliona mambo mengine. Miaka hiyo sheria za majimbo ya kusini zilikuwa zikimnyang'anya mtu mweusi haki ya kupiga kura, na mwaka 1898 katika mji wa Wilmington, jimbo jirani la North Carolina, Wazungu wenye silaha waliuangusha uongozi wa mji uliochaguliwa na kuua watu weusi wengi. Kwa hiyo Chilembwe alijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba mtu mweusi aweza kujijengea, na kwamba alichojenga chaweza kubomolewa na wenye nguvu.

Kurudi nyumbani

Mwaka 1900 alirudi Nyasaland akiwa mchungaji aliyewekewa mikono. Angaliweza kubaki Marekani, alichagua Chiradzulu. Alinunua ardhi ya ekari zipatazo 93 mahali paitwapo Mbombwe, akaanzisha Providence Industrial Mission, yaani misheni ya kufundisha dini pamoja na kazi za mikono. Wabaptisti weusi wa Marekani walimtuma Mchungaji Landon Cheek mwaka 1901 na Bibi Emma DeLany mwaka 1902 wamsaidie, nao wakakaa mpaka 1906. Mkewe, Ida, alifundisha wasichana kushona na kuwahimiza wanawake wasome. Walilima kahawa, pamba na mazao mengine. Kufikia mwaka 1912 misheni ilikuwa na shule 7 zenye wanafunzi wapatao 1,000.

Kanisa kubwa la matofali walilolijenga wenyewe lilikamilika mwaka 1913. Chilembwe alipenda watu wake wavae nguo safi, wasilewe, wafanye kazi kwa bidii na kutunza wakati. Huenda msomaji wa leo akayaona hayo kuwa madogo. Katika Nyasaland ya wakati ule Mwafrika aliyevaa kofia mbele ya Mzungu bila kuivua aliweza kupigwa.

Thangata

Jirani na Mbombwe lilikuwapo shamba la Magomero, lenye ekari zipatazo 169,000, mali ya ukoo wa Bruce. Mwenye shamba, Alexander Livingstone Bruce, alikuwa mjukuu wa David Livingstone, yule msafiri aliyepigana na biashara ya watumwa. Tena Magomero ndipo misheni ya UMCA ilipoanza mwaka 1861, kabla ya kuhamia Zanzibar mwaka 1864. Mahali palipoanzishwa kwa ajili ya kuwakomboa watumwa pakageuka kuwa mahali pa kazi ya shuruti.

Shuruti hiyo iliitwa thangata. Maana ya asili ya neno hilo ni msaada, kama sisi tunavyosaidiana wakati wa kulima. Wazungu walilichukua wakaligeuza. Kila mwanamume aliyeishi ndani ya shamba alitakiwa kumfanyia kazi mwenye ardhi mwezi mmoja badala ya kodi ya pango, na mwezi mwingine kwa ajili ya kodi ya serikali. Na kwa vitendo muda ulizidi hapo. Mbaya zaidi, aliitwa wakati wa mvua, siku zilezile ambazo mkulima hupaswa kuwa katika shamba lake mwenyewe. Wengi wa watu hao walikuwa Walomwe waliokimbia taabu za utawala wa Wareno huko Msumbiji. Kwa kuwa walikuwa wageni hawakuwa na ardhi ya kurithi, wala mtu wa kuwasemea.

Meneja wa Magomero, William Jervis Livingstone, alijulikana kwa ukali na viboko. Mwenye shamba hakutaka shule wala makanisa ya Waafrika ndani ya eneo lake. Vibanda vya sala vya wafuasi wa Chilembwe vilichomwa moto, na mwaka 1913 jambo hilo lilikuwa limekwisha kuwa chuki ya wazi.

Barua iliyozuiwa

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Mwezi Septemba majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani waliotawala Tanganyika yalipigana Karonga, na Waafrika wakafa pande zote mbili. Mwezi Novemba Chilembwe aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Waafrika wanaombwa wafe katika vita visivyo vyao, wakati katika amani hawapewi haki, basi matajiri na wenye mashamba na waende vitani wao kwanza. Serikali iliizuia nakala ya gazeti yenye barua hiyo.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kwa miaka mingi nimesoma barua za malalamiko za wananchi. Nyingine zina makosa ya lugha, nyingine zimejaa hasira, nyingine zimeandikwa kwa adabu kubwa. Kila nisomapo habari hii hujiuliza ingekuwaje kama ofisa mmoja tu angaliichukua barua ile ya Chilembwe akaenda Magomero kuuliza maswali. Hakuna aliyekwenda.

Uasi na kifo

Usiku wa Jumamosi, tarehe 23 Januari 1915, wafuasi wa Chilembwe waliondoka Mbombwe kwa makundi. Kundi moja lilikwenda Magomero likamwua William Jervis Livingstone nyumbani kwake na kumkata kichwa. Wazungu wengine wawili waliuawa usiku huo. Wanawake na watoto wa Kizungu walichukuliwa, lakini kwa agizo la Chilembwe hawakudhuriwa, wakaachiliwa. Kundi jingine lilivamia ghala la silaha Blantyre na kupata bunduki chache tu. Chilembwe alikuwa amewapelekea Wajerumani barua kutaka ushirikiano, lakini msaada haukuja. Wananchi kwa wingi hawakuinuka kama ilivyotazamiwa. Tarehe 26 waasi walichoma misheni ya Wakatoliki ya Nguludi na kumjeruhi padre, mtu ambaye hakuwa na thangata wala viboko.

Siku hiyohiyo askari waliingia Mbombwe wakaikuta tupu. Serikali ililibomoa lile kanisa la matofali kwa baruti. Chilembwe alikimbia kuelekea Msumbiji, akapigwa risasi na askari polisi karibu na mpaka tarehe 3 Februari 1915. Watu wapatao 40 walinyongwa au kupigwa risasi kwa hukumu, na wapatao 300 walifungwa.

Tumhukumu vipi?

Najua jambo hili litaleta ubishi siku ya mkutano wetu. Wako watakaosema mchungaji hawezi kuhubiri na kichwa cha mtu kikiwa kimewekwa kanisani, na inaelezwa kwamba Jumapili ile ndivyo ilivyokuwa. Sitaki kulificha jambo hilo, wala kulisifu. Wako pia watakaosema kwamba aliyefungiwa milango yote hana budi kuvunja mmoja. Maoni yangu ni kwamba miaka 14 ya kujenga isisahauliwe kwa sababu ya siku tatu za damu, na siku tatu hizo zisifutwe kwa sababu ya ile miaka 14. Tume ya serikali iliyochunguza uasi ilikiri kwamba watu wa Magomero walitendewa vibaya. Kumbe malalamiko yalikuwa ya kweli tangu mwanzo, na ililazimu watu wafe ndipo yasomwe. Hata hivyo thangata iliendelea kwa miaka mingi baadaye.

Alichokiacha

Emma DeLany alikuwa na mwanafunzi mmoja mdogo huko Mbombwe, Daniel Malekebu. Kijana huyo alimfuata mwalimu wake mpaka Marekani, akasoma udaktari katika chuo cha Meharry na kuhitimu mwaka 1917. Mwaka 1926 aliruhusiwa kuifungua tena misheni akiwa pamoja na mkewe Flora, mzaliwa wa Kongo. Walijenga kanisa jipya, wakaponya wagonjwa, wakafungua shule upya. Moto na baruti viliharibu majengo, lakini mwanafunzi mmoja aliyefundishwa vema aliyarudisha.

Leo Malawi huadhimisha siku ya Chilembwe kila tarehe 15 Januari, na sura yake imechapwa katika noti za kwacha. Mwaka 2022 sanamu yake, kazi ya msanii Samson Kambalu wa Malawi, iliwekwa katika uwanja wa Trafalgar mjini London ikasimama hapo hadi 2024. Inamwonyesha amevaa kofia.

Kwetu Katumba mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wazee wetu walipewa mashamba ya kulima wao wenyewe bila thangata, na kuanzia mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya zamani walikubaliwa uraia wa tajnisi. Tusidhani kwamba hivyo ndivyo wahamiaji wanavyotendewa kila mahali. Chiradzulu ni ushahidi wa kinyume chake.

Wanafunzi, someni kwa bidii, na mkipata nafasi ya kusoma mbali, rudini. Nanyi wenzangu tulioshika kalamu za ofisi, barua ya mwananchi ikifika mezani, isomwe siku hiyo na ijibiwe.

Nawatakia nyote mkutano mwema.