Jina Moja Juu ya Jalada

Zane Grey alizaliwa mwaka 1872 huko Zanesville, Ohio, nchini Marekani. Alisomea udaktari wa meno, akafungua kliniki katika jiji la New York, lakini moyo wake ulikuwa katika kuandika. Wachapishaji walimkataa mara nyingi.

Mwaka 1905 alimwoa Lina Roth, aliyeitwa Dolly. Mama huyu alitoa fedha za urithi wake ili mumewe aache kung'oa meno na kuandika. Alisahihisha sarufi yake na kunakili miswada yake kwa mkono. Mwaka 1907 Grey alisafiri hadi Arizona, akaiona nchi ya wachunga ng'ombe. Riwaya yake ya mwaka 1912, Riders of the Purple Sage, ilimpatia sifa na mali.

Hata hivyo, Grey hakuwa mwaminifu kwa mkewe. Dolly alijua, lakini aliendelea kusimamia kazi zake mpaka mumewe alipofariki mwaka 1939. Juu ya majalada lilibaki jina moja tu.

Tafakari: Ni nani aliyejitoa ili wewe ufanikiwe? Je, unamlipa kwa uaminifu, au kwa machozi?