Paul Robeson: Mkali wa chuo aliyefutwa kwenye orodha

Wadau, wengi wanamjua Paul Robeson kwa ile sauti nzito ya kuimba. Lakini kabla ya jukwaa, jamaa alitisha uwanjani.

Alizaliwa 1898 Princeton, Marekani, baba yake akiwa mtumwa aliyetoroka. Mwaka 1915 akaingia chuo cha Rutgers. Mazoezi ya kwanza tu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushika mikononi, wenzake weupe wakamvunja pua. Akarudi uwanjani. Mwaka 1916 timu ya Washington and Lee ikagoma kucheza na mtu mweusi, na chuo chake mwenyewe kikamweka benchi! Hiyo nadhani iliuma kuliko pua.

1917 na 1918 akatajwa kikosi bora cha vyuo nchi nzima. Kikapu, besiboli na riadha pia alicheza, na darasani alikuwa kichwa. (Baadaye London alisoma hadi Kiswahili, jamani!)

Alipopigania haki za weusi na kuwasifia Wasovieti, serikali ikamnyima pasipoti, 1950 hadi 1958. Vitabu vingine vya michezo vikafuta jina lake: kikosi cha 1918 kikabaki na watu 10.

Alifariki 1976. Jumba la heshima la mpira wa vyuo likamwingiza 1995.