Tabibu wa Rayy

Hapa Kiandutu, Thika, nilipoletwa na riziki mimi mtu wa pwani, vyumba vya mabati vimebanana hata mtu akikohoa kwake jirani humpa pole. Siku moja mtoto wa jirani yangu alitoka vipele mwili mzima, na bibi mmoja akapiga ukelele kwamba ndui imerudi. Watu wakatawanyika. Usiku ule, msomaji mpenzi, nilimkumbuka Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi.

Bwana huyu alizaliwa Rayy, Uajemi, yapata mwaka 865. Kwanza alishughulika na kemia ya zama zile, akichoma na kuchuja madini, kisha akaingia utabibu, akasimamia hospitali ya Rayy na ya Baghdad. Husimuliwa kwamba alipotakiwa kuchagua pahala pa kujenga hospitali alitundika vipande vya nyama pande zote za mji, akapachagua pale ilipochelewa kuoza. Iwe kweli au hadithi, inamfaa.

Lakini sifa yake kubwa ni kitabu chake juu ya ndui na surua, maradhi yaliyokuwa yakichanganywa. Yeye alikaa na wagonjwa, akatazama, akaandika: maumivu ya mgongo huzidi katika ndui, kichefuchefu na wahaka huzidi katika surua. Sababu aliikosea, alidhani ni damu ichemkayo. Macho yake hayakukosea. Akaandika pia kitabu cha kuwafaa wasio na tabibu. Mwisho alipofuka, akafariki yapata 925.

Zaidi ya miaka elfu baadaye, mwaka 1977, huko Merca, pwani ya Somalia, mpishi wa hospitali Ali Maow Maalin alishikwa na homa. Ikadhaniwa malaria, kisha tetekuwanga. Kumbe ni ndui, ya mwisho ulimwenguni kumpata mtu kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa imekwisha, ila virusi vyake vimewekwa katika maabara mbili, Marekani na Urusi. Kwa hiyo haifai daktari kusahau sura yake.

Asubuhi mtoto alipelekwa zahanati. Ilikuwa surua, nayo huua. Tukagonga milango ya safu nzima kuuliza ni watoto gani hawajachanjwa. Walikuwa wanne.