Mafisango, mgeni aliyeshika namba kwa haki

Pale stendi ya Mikumi malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, na ubishi wa Simba na Yanga nao haulali. Siku hizi moto uko kwa wageni. Klabu ya Ligi Kuu inaruhusiwa kusajili hadi 12. Sasa kijana wa Mikumi au Kilosa atacheza wapi? Kabla ya kujibu, ni vizuri kumkumbuka Patrick Mutesa Mafisango.

Jamaa alizaliwa Kinshasa mwaka 1980. Soka likampeleka Rwanda, akakipiga APR, kisha akavaa jezi ya taifa ya Amavubi. Yaani Mkongo kwa kuzaliwa, Mnyarwanda uwanjani. Alipotua Tanzania kuichezea Azam, akawa mgeni kwa mara nyingine. Mwaka 2011 akahamia Msimbazi.

Pale Simba hakuna aliyeuliza pasipoti yake. Alikuwa kiungo wa kazi: anakaba, anapiga pasi ndefu, anapanda kufunga. Chini ya kocha Mserbia Milovan Cirkovic, Simba ikaitoa ES Setif ya Algeria katika Kombe la Shirikisho, kisha ikabeba ubingwa wa Bara.

Halafu ikaja Mei 6, 2012. Simba 5, Yanga 0. Emmanuel Okwi wa Uganda alifunga mawili, Felix Sunzu wa Zambia moja, Mafisango moja kwa penalti. Bao lililobaki lilikuwa la kipa mzawa, Juma Kaseja, naye kwa penalti. Manne ya wageni, moja la nyumbani, na hakuna Mnyama aliyelalamika.

Lakini tazama nani alikuwa kwenye kikosi kile. Shomari Kapombe, mtoto wa Morogoro, alitoka Polisi Morogoro akatua Simba mwaka uleule wa 2011. Jonas Mkude alikuwa kinda aliyepandishwa kutoka timu ya vijana. Wageni hawakuwaziba. Walikaa nao mazoezini, wakagombea namba, wakakomaa.

Siku 11 baada ya zile tano, alfajiri ya Mei 17, Mafisango alifariki katika ajali ya gari Dar es Salaam. Simba ilikuwa imerejea juzijuzi tu kutoka Sudan, ilikotolewa na Al Ahly Shendi kwa penalti. Mwili ulisafirishwa kwenda kuzikwa Kinshasa, na mashabiki wakamlia kama mtoto wa Kariakoo. Pengo lake pale kati likaja kuzibwa na Mkude, ambaye baadaye alikuwa nahodha wa Simba.

Kule Rwanda nako mambo yakageuka. APR, klabu yake ya zamani, iliwafungia mlango wageni na kucheza na wazawa watupu kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 2014 Rwanda ikaondolewa kwenye mbio za AFCON kwa sakata la Dady Birori, mzaliwa wa Kongo aliyekuwa na majina mawili. APR ikazoa makombe ya nyumbani, lakini kimataifa ikawa inatolewa mapema. Mwaka 2023 ikafungua mlango tena.

Hapo ndipo jibu la kijana wa Kilosa lilipo. Kumfukuza mgeni hakumpandishi mzawa, na kumleta mgeni wa benchi hakumfundishi mtu. Mgeni wa aina ya Mafisango anastahili namba. Ila Kapombe alipata pa kuanzia, Polisi Morogoro, na Mkude alipata timu ya vijana. Dogo anayetamba ligi ya wilaya anahitaji ngazi kama hiyo. Ikikosekana, hata wageni 12 wakiondoka wote kesho, bado atabaki palepale stendi akihesabu malori.