Bruce Lee, steringi aliyelazimishwa kufufuka

Ikiwa ulimaliza bando zako kutazama ile The Crow mpya ya 2024, pole sana. Mimi niliizima katikati. Ile ya kwanza, ya 1994, steringi wake alikuwa Brandon Lee, aliyeuawa 1993 filamu ikipigwa, kwa bastola iliyodhaniwa haina risasi ya kweli. Lakini leo nataka nikusimulie babake, maana upuzi huu wa kufufua watu kwa lazima ulimpata yeye kwanza.

Bruce alizaliwa San Francisco, Marekani, Novemba 27, 1940, babake akiwa huko kwa ziara ya maigizo ya kuimba ya Kichina. Akalelewa Hong Kong, akafunzwa wing chun kwa Ip Man. Na usicheke: 1958 alishinda ubingwa wa kudansi cha-cha. Ukishangaa ile miguu ilitoa wapi wepesi, mimi nadhani ni huko.

1959 akarudi Marekani. Kule Seattle alikuwa weita hotelini, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Washington na kuacha kabla ya kuhitimu. (Mamangu, kama unasoma hapa, umeona?) Akashika kazi ya kufunza watu kung fu. Kwenye runinga alipewa Kato, dereva katika The Green Hornet, msimu mmoja tu kikaisha. Hollywood haikuwa tayari kwa steringi Mchina, basi akarudi Hong Kong. The Big Boss ya 1971 ikavunja rekodi ya mauzo huko, Fist of Fury ikafuata 1972.

Mwaka huohuo akaandika na kuelekeza mwenyewe Way of the Dragon. Itafute, utazame wanavyopigana na Chuck Norris ndani ya Colosseum. Wanaanza kwa kunyoosha viungo, polepole, paka mdogo akiwatazama. Kamera inakaa mbali, unaona mwili mzima, teke likitoka na likifika. Sasa linganisha na hizi za siku hizi, picha inakatwa kila sekunde hadi hujui nani amempiga nani. Mara nyingi wanaficha kwamba mwigizaji hajui kupigana, hakuna kingine.

Alikuwa ameanza Game of Death, kuhusu mnara ambao kila ghorofa ina mpiganaji wa mtindo wake, akaiweka kando kwanza apige Enter the Dragon. Hakuirudia. Julai 20, 1973, ubongo wake ulivimba, akafa Hong Kong akiwa na miaka 32, Enter the Dragon ikiwa bado haijatoka.

Unadhani walimwacha apumzike? 1978 wakaitoa Game of Death. Yeye mwenyewe anaonekana kama dakika 11 hivi za kupigana. Kwingine ni watu wa kumfanana, na miwani meusi. Kuna mahali picha ya uso wake imebandikwa kwenye kioo! Mbaya zaidi, wakatia picha za mazishi yake halisi. Brandon alikuwa na miaka minane baba alipozikwa.

Leo wamelala pamoja Seattle. The Crow nayo ilimaliziwa kwa mtu wa kumfanana Brandon, uso ukiwekwa kwa kompyuta. Mtu huyo ni Chad Stahelski. Miaka 20 baadaye alielekeza John Wick, kamera ikikaa mbali, mwili mzima ukionekana.