Albert Neisser: munganga mwenye aliona mikrobu ya kisonono, lakini hakuomba wagonjwa ruhusa

Mutoto akizaliwa kwenye kituo cha afya, muzalishaji anamutia dawa ku macho. Mama wengi wanaona vile lakini hawaulize sababu. Ile dawa inapigana na mikrobu ya kisonono. Mama anaweza kuwa nayo bila kujua, mutoto akaipata wakati wa kuzaliwa, na macho yake yakapofuka. Mutu wa kwanza kuiona ile mikrobu alikuwa munganga Mujerumani, Albert Neisser. Maisha yake iko na pande mbili, na leo tunaeleza zote mbili. Ule wa pili unagusa kila mukaaji wa mashariki mwenye amekwisha kuombwa kusaini karatasi ya watafiti.

Neisser alizaliwa tarehe 22 Januari 1855 katika muji mudogo wa Schweidnitz. Baba yake alikuwa munganga, wa jamaa ya Wayahudi. Mama yake alikufa wakati mutoto hakuwa bado na mwaka moja. Alisomea muji mukubwa wa Breslau. Wakati ule Breslau ilikuwa ya Ujerumani. Leo iko Poland na inaitwa Wrocław. Kwenye masomo alikuwa pamoja na kijana mwingine, Paul Ehrlich, mwenye kisha alijulikana dunia nzima juu ya dawa ya kaswende.

Akamaliza masomo ya uganga mwaka 1877. Alitaka kutunza magonjwa ya ndani ya mwili, lakini nafasi ya kazi haikupatikana. Njo akaingia mahali kulikuwa nafasi: kwa wagonjwa wa ngozi na wa magonjwa ya zinaa. Wanganga wengi hawakupenda ile kazi. Wagonjwa wake walikuwa maskini, makahaba, watu wenye jamii iliwafichia uso.

Wakati ule wanganga walibishana sana. Wamoja walisema kisonono na kaswende ni ugonjwa moja. Wengine walisema usaha wa kisonono unatoka tu bila mikrobu yoyote. Neisser alichukua usaha wa wagonjwa, akautia rangi yenye wataalamu walikuwa wameanza kutumia, akauangalia na hadubini mupya yenye nguvu. Kila mara aliona kitu kile kile: vidonge vidogo sana, viwili-viwili, sawa mbegu za maharagwe zimegeukiana. Alivikuta kwa wanaume, kwa wanawake, na hata ndani ya usaha wa macho ya watoto. Akatangaza ile kazi mwaka 1879, akiwa na miaka 24 tu. Mpaka leo jina la kisayansi la ile mikrobu, Neisseria, linatoka kwake.

Mwaka ule ule alisafiri Norvege, kwa munganga Armauer Hansen, mwenye tangu 1873 alikuwa anaona vijiti vidogo ndani ya miili ya wagonjwa wa ukoma. Hansen alimupa vipande vya ngozi. Neisser akarudi navyo kwao, akafaulu kuvitia rangi vizuri, akaandika sawa vile yeye njo amegundua mikrobu ya ukoma. Hansen alikasirika, na ubishi ukaendelea. Leo dunia inamupa Hansen ile heshima. Lakini Hansen naye hakuwa na mikono safi: alijaribu kumwambukiza mwanamuke moja ukoma ku jicho, bila ruhusa yake, na mwaka 1880 tribinali ikamutoa kwenye kazi ya hospitali huko Bergen. Kwa hiyo ile tabia haikuwa ya mutu moja. Wanganga wengi wa wakati ule waliona mugonjwa wa hospitali sawa kitu cha labo.

Mwaka 1882 Neisser akawa mukubwa wa kliniki ya ngozi ya Breslau. Hapo akaanza kutafuta namna ya kukinga watu na kaswende. Alifikiri hivi: kama tunachukua damu ya mutu mwenye kaswende, tunatoa yale maji yake yasiyokuwa na chembe za damu, na tunayapiga mutu muzima kwa shindano, pengine mwili wake utajifunza kujilinda. Mwaka 1892 akafanya ile majaribio kwa wanawake na wasichana 8 wenye walikuja hospitalini juu ya magonjwa mengine. Wamoja hawakufikia umri wa kujiamulia. Wane walikuwa makahaba vijana. Hakuwaeleza kitu. Hakuomba ruhusa yao, wala ya wazazi.

Wale makahaba wane wote wakapata kaswende. Neisser alisema kwamba haikutoka kwa shindano lake, eti waliipata kwenye kazi yao. Mwaka 1898 akaandika ile habari yote katika maandishi ya wanganga, bila kuficha, sababu hakuona kosa ndani yake.

Magazeti yalipojua, kelele ikawa kubwa. Wengine walimushambulia kwa sababu alikuwa Muyahudi, na ile chuki haikuwa haki. Lakini swali lenyewe lilibaki: nani alimupa ruhusa? Jambo likafika mpaka bungeni. Neisser alijitetea kwamba, kama alitaka tu kujikinga na karatasi, angepata ruhusa bila shida, sababu ni rahisi kushawishi mutu asiyejua mambo. Ile maneno njo inaumiza kuliko yote, sababu ilikuwa kweli. Mugonjwa maskini mbele ya profesa hana nguvu ya kusema hapana.

Mwaka 1900 tribinali ya nidhamu ikamupiga faini ya marka 300. Ilisema kwamba hata kama aliamini ile shindano haina hatari, alipaswa kuomba ruhusa. Tarehe 29 Desemba 1900, waziri wa Prussia akaandikia wakubwa wa hospitali maagizo: jaribio lenye halimutibu mugonjwa lisifanywe kwa mutoto, lisifanywe kwa mutu mwenye hajakubali waziwazi, na mbele ya kukubali, aelezwe mabaya yenye inaweza kumupata. Maagizo yale hayakuwa na nguvu ya sheria, lakini ni kati ya ya kwanza kabisa duniani kwa jambo hili.

Neisser hakuacha kazi. Mwaka 1902 alikuwa kati ya waanzilishi wa shirika la Wajerumani la kupigana na magonjwa ya zinaa, lenye lilifundisha watu waziwazi mambo yenye yalisemwa tu kwa siri. Mwaka 1905 na 1907 alienda Java, Asia, kuchunguza kaswende kwa nyani. Mwaka 1906, pamoja na August von Wassermann na Carl Bruck, wakatoa kipimo cha kwanza cha kaswende ndani ya damu. Mama mwenye mimba akienda CPN na kutolewa damu kwa kipimo cha kaswende, ile njia ilifunguliwa wakati ule. Alikufa Breslau tarehe 30 Julai 1916, akiwa na miaka 61.

Wale wanawake wane, historia haikuwapatia nafasi ya kusema. Lakini maumivu yao yalisaidia kuzaa haki yenye tuko nayo leo. Kwetu watafiti wanakuja mara nyingi. Wakati wa Ebola, kuanzia 2018, dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa wa mashariki, na ruhusa yao iliombwa. Kwa mpox nako kazi inaendelea.

Kwa hiyo mutafiti akikuletea karatasi, usiisaini kwa haraka, wala usiikimbie kwa woga. Uliza: munatafuta nini? Kuko hatari gani? Itanitibu mimi, ao ni ya kusaidia wengine? Nikikataa, nitaendelea kutunzwa? Omba waieleze kwa luga yenye unasikia. Kusema ndiyo ni haki yako, na kusema hapana nako ni haki yako.