Mwenda Jean-Bosco na mkono uliolegea
Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa Bayeke, ambao leo umo katika jimbo letu la Lualaba. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya sasa, akipiga wimbo wa "Masanga". Asiyemwona angedhani magitaa ni mawili. Kumbe ni kidole gumba na cha shahada tu: gumba likishika besi, shahada kikifuata sauti ya juu. Mkono uliokazwa hautenganishi vidole hivyo. David Rycroft aliandika noti zake, kama sisi tunavyoandika lugha ya mdomo. Mwenda alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Noti zimebaki, lakini ule wepesi wa mkono haukuandikika.